Kabla Hujamchukua Sungura, Ona Kwao

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, siku cucu, nyanya yangu, aliponivuta sikio katikati ya soko la Kianjokoma kule Embu, watu wakiangalia, kwa sababu ya sungura wa madoa. Nitafika hapo. Kwanza acha nitoe hasira kifuani, maana nikianza kukushauri nikiwa nayo nitaandika upuuzi.

Najua mambo ya kushauri huachiwa wazee wenye mvi. Mimi mvi sina. Nilimaliza form four, nina wewe, na nina hasira ambayo haijalala tangu tumzike Barafu, sungura wako. Hiyo inatosha.

Kendi, wewe ulianza kwa kutaka hamsta. Ulimwona kwa simu ya shangazi yako, kapanya kanono kasiko na mkia wa maana, kanakimbia ndani ya gurudumu wala hakafiki popote, na ukasema hakuna kitu kingine utakachotaka maisha yako yote. Nikakuambia hapa Meru simjui mtu hata mmoja anayefuga hamsta, na mimi sileti nyumbani mnyama ambaye sijui ametoka wapi. Ukakubali sungura. Baba yako akakitengeneza kibanda kwa mbao zilizobaki za jikoni, akakiinua kwa miguu mirefu, akaweka wavu chini ili mavi yaanguke. Kazi safi kabisa. Halafu akaiharibu yote kwa kupitia soko la Gakoromone akitoka kazini, akamwona kijana mwenye katoni ya sungura, akanunua mmoja.

Sungura mweupe, macho mekundu. Ukamwita Barafu. Nilipomshika tu nikaona manyoya ya miguu ya mbele yameshikana, mabichi. Sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa miguu hiyo, kama mtoto anavyojifuta kwa mkono wa sweta. Daktari wa mifugo alikuja akamdunga sindano, akatikisa kichwa, akasema huyu alikuja hapa akiwa tayari ameharibika kifua. Ulikaa naye mapajani mpaka mwisho. Tulipomaliza kumzika chini ya migomba ukarudi kwa kibanda, ukafunga mlango kwa waya, ukazungusha waya tena na tena, ukaniambia, "Mami, sitaki mnyama tena. Akija mwingine, si atakufa pia?"

Hapo ndipo nilipowaka. Sungura anaweza kufa, ni mnyama. Lakini mtoto wangu kufunga roho kwa waya kwa sababu ya mtu mmoja asiyejali, hapana.

Nikaenda Gakoromone na aproni yangu ya jikoni. Nikampata yule kijana kando ya akina mama wanaouza nyanya, na katoni yake, na wengine ndani wamepangwa kama mikate.

"Wewe! Ulimuuzia mume wangu sungura mgonjwa."

"Madam, huyo alikuwa sawa sana. Nyinyi mlimlisha nini?"

"Usinigeuzie maneno. Ulimtoa wapi?"

"Kwa jamaa fulani tu."

"Jamaa gani? Anakaa wapi? Mama yake sungura yuko wapi?"

Akacheka, akageukia watu. "Sasa huyu mama anataka kujua kwao! Kwani unaoa, madam? Huyu ni sungura, si bibi harusi!"

Soko lote likacheka. Hata mama mmoja wa nyanya alicheka, halafu akamwambia, "Cheka tu, wewe. Hata kuku wako wa juzi walikuwa wanasinzia wakiwa wamesimama."

Nilitaka kumjibu vibaya. Jibu nilikuwa nalo, kali. Lakini likaniishia mdomoni kwa sababu nilimsikia cucu, kama vile amesimama nyuma yangu na kikapu chake mgongoni. Cucu angemjibu yule kijana bila kucheka hata kidogo: ndiyo, ni kama kuoa. Lazima uende kwao.

Unaona, mimi nililelewa na cucu, nyanya yangu mzaa mama, kule Embu, juu karibu na msitu, mahali ambapo asubuhi ya Julai huwezi kuona ng'ombe uliyemshika kamba. Cucu alikuwa anachuma majani chai mpaka vidole vyake vikawa vyeusi visivyotakata. Watoto wa huko karibu wote walikuwa na sungura. Kutoka shule ulipitia shambani kukata majani ya viazi vitamu, ukayaanika kwanza yanyauke, kwa sababu yakiwa na umande yanavimbisha tumbo. Ile harufu ya majani yaliyonyauka, Kendi, mpaka leo nikiisikia nakuwa mtoto, nikiwa na viatu vya mpira na kamasi.

Mimi ndiye niliyekuwa sina sungura. Siku ya soko nikamwona mmoja ndani ya gunia la mtu nisiyemjua, mweupe mwenye madoa meusi, doa moja limefunika sikio lote kama kofia iliyovaliwa vibaya. Nikakwama pale. Cucu akaita, sikusikia. Akarudi, akachungulia ndani ya gunia, akavuta hewa kwa pua, na kabla sijafungua mdomo sikio langu lilikuwa mkononi mwake.

"Cucu, tafadhali! Angalia vile ni mzuri!"

"Nimeangalia. Wewe umeangalia nini? Madoa! Unatafuta sungura au unatafuta kilio?"

Nilinuna njia yote. Jumamosi iliyofuata akaniamsha, akanipaka mafuta uso, akavaa leso yake ya kanisani, akaweka ndizi mbivu kwenye kikapu. Tukavuka mto, tukapanda mlima wa pili mpaka kwa Mama Njeru, mjane aliyefuga sungura nyuma ya jiko lake. Nikafikiri tutachukua na kurudi. Wapi! Tulikunywa chai. Wakaulizana ng'ombe, mvua, nani ameokoka na nani amerudi nyuma. Mimi matako yananiwasha kwenye kiti. Halafu ndipo cucu akasema, "Sasa tuonyeshe watoto wako."

Kibandani akaniambia ninuse kwanza. Palinuka majani na mkojo kidogo, hapakunuka kuoza. Akaniambia nimtafute mama yao, nimwone kama amenona, kama macho yake ni makavu. Akamgeuza mmoja juu chini, akanionyesha miguu ya mbele, kisha chini ya mkia, kisha ndani ya masikio. Mikono yake myeusi ya chai ilikuwa laini ajabu.

Mimi nikamnyooshea kidole mdogo aliyekuwa kwenye kona peke yake. Nilimhurumia.

Mama Njeru akasema, "Huyo sitoi."

"Kwa nini?"

"Bado ananyonya. Hajui majani. Akifika kwenu atalia siku mbili, afe, kisha utanichukia." Akamtoa mwingine, jike la kijivu, lenye sura ya kawaida kabisa. "Huyu yuko tayari. Mchukue. Akizaa, mimi nitakuja, nichague mtoto mmoja, nirudi naye."

Ndivyo ilivyokuwa huko kwetu. Jike hulinunui. Unapewa, na likizaa mara ya kwanza, aliyekupa anakuja kwako, anakunywa chai yako, anachungulia kibanda chako, na mkono wake ndio unaochagua. Nilipokuwa mdogo niliona ni desturi tu ya wazee ya kujisumbua. Simama uifikirie sasa. Mtu ambaye atakuja kuchukua mtoto wa mnyama huyo atakupa mgonjwa wa nini? Na wewe, ukijua atakuja kuchungulia, utaacha kibanda kichafu?

Tulipoondoka, Mama Njeru alinijazia mikono majani kutoka kwa kibanda chake, ili sungura alale akinusa kwao.

Tulimpeleka yule kijivu kwa dume la jirani, akazaa. Na katika wale watoto, Kendi, alikuwepo mmoja mweupe wa madoa meusi, sikio moja limefunikwa. Nilipiga nduru mpaka cucu akadhani ni nyoka. Nilimficha kila mgeni alipokuja. Nililala nikimwomba Mungu Mama Njeru apatwe na homa, asije.

Akaja. Akanywa chai. Akainama kibandani, akawageuza mmoja mmoja, na alipofika kwa wa madoa akakaa naye muda mrefu mkononi.

"Huyu," akasema.

Nikamwangalia cucu. Nilijua atanitetea. Cucu akachukua majani kibandani, akanijaza mikono, akasema, "Mpe na majani yake."

Nililia nikimpa. Mama Njeru hakunibembeleza. Alinishika kidevu tu, akasema, "Umemtunza. Kwangu atazaa wengi kuliko kwako, kwa sababu hapa atakaa na ndugu zake tu, na ndugu hawazalishani." Na cucu alipoona silali, alitema mate kidogo kwenye viganja vyangu, vile wazee wa kwetu walivyobariki, akavifunga ndani ya vyake.

Cucu alishaondoka. Wewe hukumkuta. Lakini nilipotoka Gakoromone nilipiga simu Kianjokoma. Mama Njeru yuko, sasa haoni vizuri, anawageuza sungura kwa kugusa. Nikamwambia habari zako na waya wako. Akacheka kwa ile sauti ya zamani. "Mlete," akasema. "Wale wa sikio la kofia bado wako. Hawajawahi kuisha hapa. Wewe uliniletea, umesahau?"

Mwanangu, nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikalia kama yule mtoto.

Kwa hiyo Jumamosi tunaenda. Na haya ndiyo ninayokuambia, ya sungura leo na ya hamsta ukiwa mkubwa, ukikaa mahali ambapo hamsta wapo. Usichukue mnyama kutoka kwa mtu asiyeweza kukuonyesha alipolala jana. Nenda kwao. Nusa kabla hujaangalia. Mwone mama. Gusa miguu, angalia macho na pua na chini ya mkia, na uulize kama anakula peke yake. Madoa yaache yawe ya mwisho. Mtu akikukimbiza uchague upesi, ondoka. Akikukatalia mmoja kwa sababu hayuko tayari, kaa, huyo umempata. Na yule kijana wa katoni akikucheka kwamba unaoa, mwambie ndiyo, mama yangu pia alioa hivyo.

Utaniuliza kama huyu naye atakufa. Atakufa, siku moja, akiwa mzee, kwako. Sitakudanganya. Lakini kabla ya hapo atazaa, na Mama Njeru au mtu wake atakuja kunywa chai yetu, na mkono wake utachagua. Labda atachagua yule unayempenda. Utampa na majani yake.

Sasa nenda ufungue ule waya, kisha ulete viganja vyako hapa. Mungu aliyeibariki mikono ya cucu wangu aibariki na hii midogo, iwe mikono ambayo kiumbe akiwekwa ndani yake anatulia.