Kinanasi Kimefunguka

Mie sina cha kumwonyesha mtu kuwa si mchawi. Nina simu tu, imejaa picha za vitu vidogo: maganda ya ukwaju, mbawa za kumbikumbi, kuvu la ukuta wa bafuni, na tunda moja kavu la msonobari nililolipiga picha mpaka simu ikagoma.

Tunda lenyewe nililiokota Lushoto, nilipokwenda harusini kwa mwalimu mwenzangu. Kule wanalikanyaga tu, wengine wanawashia moto. Huku Ngamiani hatuna misonobari, kwa hiyo jirani yangu alipoliona kwenye dirisha langu la uani aliangua kicheko. "Shoga, hiki kinanasi cha kuni umekitoa wapi?" Jina likashika, kikawa kinanasi.

Nyumba yetu ni ya ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Yeye yuko chumba cha mbele, mie mkabala naye. Tumekaa hivyo miaka mingi, chumvi yake chumvi yangu. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyemwosha. Nayasema haya ujue nilikuwa na nini.

Nilipostaafu ualimu mikono ilikosa kazi, ndipo nikaanza kuinamainama uani na simu. "Umeangusha hereni?" jirani akinitania. Siku moja nikamwita nikamwonyesha picha mbili. Asubuhi baada ya mvua kinanasi kimefunga, magamba yamebanana. Mchana jua limewaka, kimefunguka chote. Nikamweleza kuwa ni unyevu tu, hakuna la ajabu. Nilifundisha sayansi mie, napenda kuieleza. Lakini yeye alisikia maneno mawili, kimefunga na kimefunguka.

"Yailahi!" akasema. "Kina roho hiki."

Tukacheka wote.

Kisha binti yake akaja kutoka Pangani, ana mimba ya kwanza, kuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi. Yule mtoto nilimpenda, sifichi. Kila asubuhi akipita dirishani: "Shikamoo, mama mkubwa. Kinanasi kimeamkaje?" Akikichukua, akikiweka juu ya lile tumbo lake, nacho kikitikisika mtoto anapocheza ndani. Nikampiga picha. Vidole, hina inayofifia, magamba. Uso sikuupiga, mie sipigi nyuso. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na mama mtu alikuwepo, akinitazama ninavyopiga.

Masika yakaingia, yakakaa. Nguo hazikauki, mkaa unafuka moshi tu, na kinanasi kikafunga kikabaki kimefunga. Uchungu ukamshika binti alfajiri moja, wakampeleka hospitali. Siku ikaisha hajajifungua. Kulipokucha nilikuwa uani napika uji nimpelekee, mara jirani akaingia amelowa chapachapa, kanga imemganda mwilini. Nikainuka kumwuliza hali. Hakunisalimu. Alikuwa anatazama dirisha langu.

"Kifungue," akasema.

"Nifungue nini?"

"Hicho kidude chako. Mwanangu hafunguki. Madaktari wanahangaika naye tangu jana. Kifungue, mwenzangu, nakuomba kwa jina la Mola."

Damu ikanipanda kichwani. "Wewe! Waniambia mie hivyo? Mie niliyekula nawe sahani moja?"

"Sijakuita jina lolote. Nimesema ukifungue tu." Akapiga magoti pale pale kwenye matope.

Nikasimama na mwiko mkononi. Nikikataa na binti akafa, mie ndiye nimemuua. Nikikifungua, basi mie ndiye niliyemfunga. Niliyaona yote mawili wazi kabisa, na nilitaka kumpiga na ule mwiko, wallahi. Lakini alikuwa anatetemeka, na hakuna mwingine aliyeweza kumfanyia jambo lolote asubuhi ile. Nikaipua uji. Nikakichukua kinanasi nikakiweka pembeni mwa jiko, penye joto pasipo moto.

Tukachutama yeye na mie, kama tunavyochutama tukipara samaki. Baada ya kitambo gamba la kwanza likalia, ta. Likafuata jingine. Harufu ya Lushoto ikajaa uani. Yeye analia na kusoma dua, nami, Mungu anisamehe, mkono ukawa unapapasa kutafuta simu nipige picha.

Simu iliyolia ilikuwa yake. Alikuwa mkwewe: wamempasua, mtoto wa kike, mama na mtoto wazima. Nilipiga kigelegele hata majirani wakachungulia. Nilikuwa nalia mie, furaha imenizidi. Jirani akanishika mikono yote miwili akaibusu, kisha akasema mbele ya wale waliokuwa wanachungulia:

"Ahsante kwa kumfungua mwanangu. Nimekusamehe."

Nimekusamehe! Sijawahi kutukanwa tusi zito kama lile, na nilitukanwa kwa upole, mikono yangu ikiwa ndani ya yake. Nikafungua mdomo nieleze habari za unyevu. Nikaufumba.

Hakuna aliyenigombeza tangu siku ile. Sahani ya chakula bado inakuja, imefunikwa, inaachwa mlangoni. Watu wazima mtaani wananiamkia kwa adabu ambayo sikuipata zamani, na watoto wao wanaitwa ndani nikitokea. Kinanasi nimekificha kabatini, nikijua kuwa kukificha nako ni ushahidi.

Siku ya arubaini binti akatoka na kichanga. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nimemsubiri. "Shikamoo," akasema. Hakusema mama mkubwa. Alipofika karibu yangu akaivuta kanga juu ya uso wa mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, huyu bibie anaitwa nani?"

Akatazama chini. "Bado hatujampa jina."

Kwetu jina hutolewa siku ya saba. Na mie nalala ng'ambo ya ukumbi tu, kila asubuhi namsikia bibi yake akimwita kwa jina.