Rehema, Mgeni Wako Alifika

Sauti ya mitalawanda haijanitoka masikioni. Ko, ko, ko, juu ya saruji ya baraza ya kina Rehema, siku ya maziko.

Siamini bado kwamba nawaandikia habari hii hapa kwenye ubao wa chuo chetu cha ualimu, mahali alipokuwa akibandika yeye ratiba za zamu kila Ijumaa. Rehema, mwenzangu wa kitanda cha jirani bwenini, amefariki kwa homa. Wengi wenu mmeshasikia.

Nimechoka, na machozi yamekauka. Naandika ninachokumbuka.

Mnakijua kikundi chetu cha kujitolea, kinachokwenda Ngamiani kila Jumamosi kwenye nyumba ya watu wasiojiweza. Siku ya kwanza tulibeba sabuni na ndizi, tukasimama mlangoni.

Bi Tatu akatoka kutupokea. Miguu yake haimbebi. Hutembea kwa mikono, na mikononi huvaa mitalawanda, vile viatu vya mti tunavyoendea msalani.

"Mmekuja kukagua au kutembea?"

"Tumekuja kutembea, Bi Tatu. Shikamoo," Rehema akasema.

"Marahaba. Basi kaeni mnywe maji. Anayesimama ni mkaguzi."

Rehema alikunywa kikombe kizima, akaomba cha pili. Mimi nilikuwa bado natafuta pa kuweka ndizi.

Baadaye akawa anakwenda mikono mitupu, matroni akamgombeza. Alikwenda kusuka ukili wa mikeka na kupiga soga.

"Mwalimu gani wewe," Bi Tatu humwambia, "ukili wako kama mkia wa punda?" Naye hucheka mpaka akaegemea ukuta.

Siku moja Bi Tatu hakutania. "Mwaka mzima unakuja kwangu, mwanangu, na kwenu sikujui. Mtu wa kutembelewa tu, yeye haendi kwa mtu, huyo ni mgonjwa. Mimi si mgonjwa."

Jioni ile ile Rehema akaenda kwa viongozi wa kikundi.

Aliomba ruhusa ya kumpeleka Bi Tatu kwao. Akajibiwa kwamba watu wale hutembelewa, hawatolewi. Akaniambia atangoja likizo, atakodi mkokoteni wa hamali. Likizo ilimkuta kitandani.

Bi Tatu hakungoja mkokoteni. Alitoka barabara ya kumi na nane mpaka ya tatu, kwa kina Rehema, kwa mikono yake, akafika watu wametoka makaburini, kanga yake nyekundu kwa vumbi.

Shangazi mmoja akamwona, akachukua sahani ya wali. "Mpeni huyu chake aende, mlango unazibwa."

"Sikuja kula," Bi Tatu alisema. "Nimekuja kumlilia Rehema. Aliniambia nije kwao."

"Ndani hamna nafasi, mama."

Mama yake Rehema akasikia. "Nani huyo? Ndiye Bi Tatu wa mwanangu?"

Mama akasogea, akapiga kiganja kwenye mkeka, ubavuni pake. "Pita hapa, dada yangu. Tumechelewa sisi kukuita."

Shangazi akasimama na sahani yake, hajui aiweke wapi. Wale wawili wakalia mabega yamegusana. Ndipo na mimi nilipoanza kulia.

Rehema, sasa nasema nawe. Kikundi kilinipa zamu zako zote, na ripoti zako niziandike mimi.

Sikuzichukua. Jumatatu nilijitoa. Sikugombana na mtu. Nimechoka tu kwenda kwa watu ambao hawaruhusiwi kuja kwangu.

Jana nilikodi mkokoteni, nikamchukua Bi Tatu mpaka kwetu Chumbageni. Hamali alilalamikia mchanga njia nzima. "Sukuma, baba," Bi Tatu akamwambia, "mimi mbona nautembea kwa mikono?"

Mama yangu alikuwa ameshatandika. Walizungumza mpaka taa ikaisha mafuta.

Bi Tatu amelala kwetu. Lala nawe, shoga yangu.