Zamu ya Mjomba Siku ya Ijumaa

Binti yangu ndiye aliyeleta filamu za Indonesia nyumbani kwetu, mtaa wa Tena, Nairobi. Alianza na zile za watoto, na mimi, ambaye sinunui hata soksi bila kuigeuza ndani nje, nikakaa nizikague. Sikupata la kukataa. Watoto wanachelewa chuo cha Kurani, wanafichiana makubadhi mlangoni mwa msikiti, wanasoma dua ya kula huku jicho liko kwa samaki. Hakuna anayehubiri. Dini imo mle nyumbani kama sufuria ilivyo jikoni. Nilikuwa nimezoea filamu ambazo Mwislamu akitokea, ama amebeba bomu ama amebeba mzani wa duka.

Kisha akaleta ya vita.

"Si ulisema za vita hazifai, baba?"

"Za kuuana bure. Hawa wanamtoa mkoloni Mholanzi kwao. Weka."

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa nasi sebuleni. Ndiye mlinzi wa safu yetu ya vibanda soko la Gikomba, ninapouza makoti ya mitumba. Ijumaa adhana ikilia, sisi wenye vibanda tunaenda msikitini, yeye anabaki na rungu lake. Tukirudi, anaswali adhuhuri peke yake nyuma ya marobota. Mlinzi ana udhuru wa kukosa swala ya Ijumaa, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo hakuna aliyelifikiria mara ya pili. Hata mimi, ninayehesabu chenji mara mbili.

Kwenye filamu, wapiganaji walikuwa kando ya shamba la mpunga, adui yuko ng'ambo. Imamu akasimama. Nusu yao wakajipanga nyuma yake, nusu wakabaki wima na bunduki. Waliomaliza wakaenda kushika silaha, na wale walinzi wakaja kujipanga. Imamu alikuwa bado amesimama, anawangoja. Swala ya hofu. Tulisomeshwa chuoni tukiwa wadogo, lakini sikuwahi kuiona.

"Rudisha hapo," mjomba alisema.

Binti yangu akarudisha. Tukatazama tena. Mjomba akaomba irudishwe mara nyingine.

"Wanapokezana," akasema.

"Ni vitani, mjomba."

"Na Gikomba ni wapi, harusini?" Hakucheka. "Tangu nishike kazi ile sijasikia hutuba. Siku nikifa, nitaswaliwa na watu ambao sijawahi kusimama nao safu moja."

Binti yangu alizima tarakilishi bila kuambiwa.

Ijumaa iliyofuata nilienda msikiti mwingine, ule wa chini ambao hutuba yake huanza mapema. Nilipotoa salamu ya mwisho nilichukua viatu nikavivalia njiani. Nilimkuta mjomba kwenye kiti chake, adhana ya msikiti wetu inalia. Nikanyoosha mkono.

"Lete rungu. Nenda kaswali."

"Na makoti yakiibwa?"

"Yangu ndiyo ya kwanza mlangoni, yataanza hayo."

"Unalishika kama mwiko, bwana."

"Mwizi hajui hilo. Nenda, mzee. Imamu wetu hangoji mtu."

Alinawa kwa maji ya kopo, taratibu, miguu yote miwili hadi vifundoni. Akavaa kofia aliyokuwa ameikunja mfukoni. Sikuuliza ilikuwa humo tangu lini.

Nilikaa pale. Mteja mmoja alishika koti jeusi akataja bei ya matusi. Nikamwambia hatuuzi mpaka watu watoke.

Walitoka. Wenye vibanda wakarudi mmoja mmoja, wakafungua, soko likaanza kelele. Mjomba hakuonekana. Nikamwachia jirani rungu, nikavuka barabara kwenda kumtafuta.

Msikiti ulikuwa mtupu. Feni zimezimwa. Alikuwa ameketi safu ya mbele, mikono juu ya magoti, ameielekea kibla, midomo ikitembea taratibu kwa dua. Msafishaji alisimama pembeni na ufagio.

"Ni mzee wako? Nataka kufagia hapo."

Nikamwomba aanzie upande wa pili, nikarudi kulinda.