Upatu wa Ami Liaqat Mbele ya Hakimu

Nusrat Kausar anashona mapazia katika duka la ami yake, Liaqat, hapa Bradford, Uingereza, na mashine yangu inatazamana na yake. Ana mdomo huyo, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, jambo ninalolikubali shingo upande. Mumewe, Waqas, alibaki Mirpur, Pakistan, baada ya harusi. Walikuwa wakizungumza kwa simu kila siku, cherehani ikilia.

Kisha viza ya Waqas ikakataliwa. Watu wa uhamiaji walisema mshahara ulioandikwa kwenye hati za malipo za Nusrat haulingani na ulioingia benki, kwa hiyo hakuthibitisha kipato kinachotakiwa ili alete mume.

"Pesa nyingine zinakwenda wapi?" akauliza wakili wake.

"Si zinakwenda kwenye upatu!" Nusrat akajibu, akimshangaa.

Ami Liaqat ndiye kijumbe wa upatu wa mtaa mzima. Kila mwezi alikata mchango wa Nusrat kabla ya kumwekea mshahara benki, eti kumpunguzia usumbufu. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi hunikata hivyo hivyo.

Wakakata rufaa. Wakili akataka Ami aende mwenyewe kutoa ushahidi, naye akagoma.

"Nikaanike upatu wa watu mbele ya Waingereza? Watasema nakula mishahara ya wafanyakazi!"

"Ami, mume wangu namwona kwenye simu tu. Unataka nizeeke hivi?"

"Uzeeke wewe? Kwa ulimi huo?"

Hapo nilipandwa na hasira. "Mzee, mficha uchi hazai. Aibu yako inamnyima mtoto wa ndugu yako nyumba yake."

Alitoka kwenda kuswali, na aliporudi akauliza nani anajua kupiga pasi koti la suti.

Hakimu alikuwa mama mmoja mpole wa sauti. Akamuuliza Ami kwa nini mshahara wa Nusrat haukuingia benki wote. Ami Liaqat, ambaye sijapata kumsikia akikiri hata kuunguza chai, akasimama.

"Kosa ni langu, mheshimiwa. Mshahara wake ni ule wote ulioandikwa. Mimi ndiye niliyechukua mchango kabla hajaushika. Tumezoea hivyo, tukadhani dunia nzima imezoea."

"Na hawa waliojaa nyuma?"

"Wanachama wa upatu, mheshimiwa. Wamekuja kushuhudia. Na kuhakikisha sikimbii."

Hakimu alicheka, na mimi nikajua tumepumua. Rufaa ikakubaliwa.

Waqas alipotoka pale uwanja wa ndege, mwembamba kuliko picha zake, Nusrat alikosa neno. Nusrat! Alimshika mkono wa shati, akaukunja, akaukunjua.

"Umekula?" akauliza mwishowe.

"Sijala. Nilingoja chakula chako."

Nikacheka huku machozi yananitoka, maana nyumbani hapakuwa na hata chai. Alikuwa amekataa kuwasha jiko mpaka amwone mumewe kwa macho yake.