Samaki Waliokaa Eda

Shilingi laki moja na elfu arobaini na saba. Nimejumlisha mara mbili, na ile ya pili nilikuwa naomba niwe nimekosea ya kwanza. Hiyo ndiyo gharama ya kuyarudisha maji ya ndoo nane yawe maji ya kuonekana upande wa pili. Samaki wanne waliokufa hawamo humo, kwa kuwa mama amenikataza kuwatia bei.

Kazi yangu mimi ni bei. Nanunua vyombo vya ndani vilivyotumika, navikaza skrubu, navipaka rangi, nauza. Nikikaribishwa kwa mtu, kabla sijakaa nimeshajua friji lake ni la shilingi ngapi, na yeye analiona la shilingi ngapi. Tangi la samaki la marehemu baba nililijua thamani yake tangu siku lilipoingia nyumbani: halikuwa nayo. Alilinunua kwa mwalimu mmoja wa Mzumbe aliyekuwa anahama, mwaka ule baba alipostaafu kiwandani, na hakuomba apunguziwe hata mia. Nikamuuliza kwa nini hakuniita nikamsaidie kupatana.

"Ungemuudhi," akasema. "Angeondoka na samaki wake."

Lilikuwa tangi la vioo, urefu wa meza ya sebuleni. Chini alitandaza mchanga na mawe aliyoyaokota mwenyewe kwenye kijito kinachoshuka kutoka Uluguru, na juu ya mchanga akapanda bustani. Majani marefu membamba nyuma, mafupi mbele, na katikati gogo jeusi lenye mmea mmoja wa majani mapana, magumu kama ngozi ya kiatu, alioufunga kwa uzi mpaka mizizi yake ikalishika gogo yenyewe. Samaki kumi na sita, hakuna aliyezidi kidole. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alitoa ndoo mbili za maji, akatia ndoo mbili za maji yaliyolala tangu jana, akapunguza majani. Taa ya tangi aliiwasha adhuhuri, akaizima akirudi kuswali Isha. Chakula cha samaki alikishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeonja chumvi ya jirani. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona maji yale yana rangi. Nilidhani ndivyo maji yanavyokuwa.

Baba alifariki masika yakianza.

Sisi ni Waluguru, na Wazigua ni watani wetu. Baba alikuwa na mtani wake, mtu wa Turiani waliyefanya naye kazi kiwandani, na walitukanana kwa furaha miaka yote ya kazi. Mtani msibani ana haki zake. Anaruhusiwa kuvaa nguo za marehemu, kumuiga, kuchukua kitu na kudai kikombolewe, na wewe mfiwa huruhusiwi kununa. Siku ya tatu huyu bwana aliingia sebuleni, akavaa kofia ya baba, akakaa kwenye kiti cha baba, akasogeza pua mpaka kwenye kioo na kuwatazama samaki kwa sura ile ile, mdomo umefunguka kidogo. Shangazi zangu waliokuwa wanalia wakacheka, machozi bado yanatiririka. Kisha akachomoa pampu inayozungusha na kuchuja maji, akaibana kwapani, akaelekea mlangoni.

"Mluguru, mashine ya mzee imetekwa. Toa elfu hamsini."

"Hamsini? Mpya dukani thelathini na tano."

"Kanunue mpya, basi. Hii ya marehemu."

"Marehemu mwenyewe angekupa elfu tano."

"Marehemu angenipa kofi, na lingekuwa kofi la maana. Wewe unanipa elfu tano! Jamani, njooni mtazame, Mluguru anapatana msibani!"

Watu wakacheka, na hapo ndipo mtu mwenye akili angetoa elfu kumi, akachukua pampu, mambo yakaisha. Ndivyo inavyofanywa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaingia kazini. Nikatumia mbinu yangu ya sokoni: nikageuka, nikaondoka taratibu, nikisubiri aniite. Hakuniita. Na yeye anayajua ya sokoni. Akapanda gari la Turiani na pampu kwapani, akakaa huko akisubiri nimpigie mimi. Nami nikakaa mjini nikisubiri apige yeye. Tulisubiriana hivyo zaidi ya wiki mbili, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye atakayelainika.

Wakati huo mama alikuwa ameshaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje ila kwa dharura, hajipambi, anakaa. Chumbani hakutaka kulala, kwa hiyo tulimtandikia godoro sebuleni, mkabala na tangi, na ndugu wa kike wakawa wanalala naye kwa zamu kwenye mikeka. Taa ya dari ilikuwa imeungua, na mimi nilikuwa nimemwambia fundi wa umeme bei yake ni ya kitalii, nikawa namsubiri ashuke. Kwa hiyo walitumia taa ya tangi. Iliwaka mchana, ikawaka usiku kucha. Nyumba ya mjane haiachwi gizani.

Na wageni hawakukatika. Aliyekuja kutoa pole alimkumbatia mama, alikaa, alinyamaza, na baada ya kunyamaza hakujua afanye nini na mikono yake. Mbele yake kuna samaki wa marehemu. Akamega kipande cha andazi, akatupia. Mwingine ubwabwa. Jirani mmoja alitupia kachori, akasema maskini nao wamebaki yatima. Nani amkataze? Samaki walikula walichoweza, kilichobaki kikazama katikati ya bustani ya baba na kuoza.

Vioo vikaanza kuota ukoga. Watu wa vitabu wanauita mwani, lakini ukiupitisha kidole huna haja ya kitabu. Kwanza madoa ya kijani kwenye kona, halafu nyuzi kwenye majani kama pamba iliyochovywa, halafu maji yenyewe yakawa kijani kizito, samaki ukawaona kama watu ndani ya ukungu. Nikavikwangua vioo kwa kipande cha wembe. Siku mbili baadaye hali ikawa ile ile.

Mama alikuwa hasemi sana siku zile. Jioni moja nikiwa nakwangua akasema, "Baba yako nimemzika. Sitaki nitoke eda nikiwa nimelizika na tangi hili."

Nikasema, "Haitafika huko, mama." Nilisema kama ninavyowaambia wateja kuhusu friji.

Nikampigia mtani, nikashindwa vita. Elfu kumi na nane, na nauli ya kwenda na kurudi Turiani juu yangu. Pampu ilirudi, sifongo lake limekauka kama mkate wa juzi. Nikaichomeka. Maji yakazunguka, kijani kikizunguka nayo.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu yeyote wa Morogoro angelifanya. Masika bomba letu hutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kila nyumba ina kipande chake cha shabu. Unakizungusha ndani ya ndoo, tope linashuka, maji ya juu unachota. Nikawaza: maji ni maji, uchafu ni uchafu. Nikapiga hesabu ya shabu kwa ndoo nane, nikairudia, nikaikoroga ndani ya tangi baada ya Isha.

Asubuhi maji yalikuwa meupe, ungeweza kusoma gazeti lililoshikwa upande wa pili. Mama alisema alhamdulillahi, akainuka, akasimama mbele ya kioo kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ilipofika adhuhuri samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanatafuta hewa. Nikatoa nusu ya maji, nikatia mengine yaliyolala kwenye mapipa. Wanne hawakuvumilia. Mama aliwatazama nikiwatoa kwa kichujio cha chai, akauliza wangapi. Nikamwambia. Akasema nihesabu tena waliobaki. Nikahesabu tena. Kumi na wawili.

Kichujio cha chai nimenunua kingine. Kimo kwenye ile jumla.

Nikatafuta namba ya muuza samaki wa mapambo aliyeko Dar, nikamweleza yote, hata shabu. Akacheka kwanza, kisha akanipa pole.

"Maji yenu ya mlimani ni laini, kaka. Hayana cha kuzuia ukali wa shabu. Na shabu ilikuwa ya nini? Ukoga ni mgeni tu. Umemwashia taa usiku kucha, umemwandalia andazi, halafu unamuuliza mbona haagi?"

"Sasa namfukuzaje?"

"Zima taa, funga jiko. Badilisha theluthi ya maji mara mbili kwa wiki. Lifunike tangi siku nne, giza totoro, pampu iache ifanye kazi. Halafu tafuta mimea inayokua haraka, imalize chakula kabla ukoga haujala. Hakuna dawa hapo. Ningekuwa nayo ningekuuzia."

Huyo ni mfanyabiashara wa kwanza ninayemjua aliyekataa hela yangu. Nilimwamini kwa sababu hiyo. Siku hiyo hiyo nikamlipa fundi wa umeme bei yake ya kitalii, taa ya dari ikawaka, ya tangi ikazimwa. Kisha nikatoa shuka jeupe kabatini, nikalifunika tangi lote.

"Toa," mama akasema.

"Siku nne tu, mama."

"Nimeshaona kitu kimefunikwa nyeupe humu ndani mwaka huu. Toa."

Nikatoa. Tukafunika kwa pazia kuukuu la maua ya zambarau. Masharti ya mama yalikuwa achungulie mara mbili kwa siku, mimi nikataka asichungulie kabisa, tukakubaliana mara moja, baada ya Alasiri. Kama alitimiza sijui. Kona moja ya pazia ilikuwa haikai sawa.

Tulipolifunua, maji yalikuwa yamepungua ukijani, na nyuzi nyingi zimelegea, nikazivuta kwa mswaki. Lakini wageni walikuwa bado wanakuja, na mikono yao. Chakula cha samaki nilikificha. Haikusaidia, andazi wanakuja nalo. Nikataka kubandika karatasi ukutani, mama akasema hii si ofisi.

Shangazi yangu mkubwa ndiye aliyefuata. Akakaa, akamega andazi.

"Usiwape, wifi," mama akasema. "Nao wako eda."

"Samaki?"

"Aliyekuwa anawalisha si amefariki? Wametulia ndani, hawatoki, hawapokei ovyo ovyo. Mpaka nami nimalize."

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Shangazi aliutazama mkono wake, akautazama mkono wa mama, kisha akala lile andazi mwenyewe. Akasogea kwenye kioo na kusema, "Poleni sana." Habari ikatembea mtaani kabla ya magharibi. Tangu siku hiyo hakuna aliyetupia hata chembe. Watu waliokuwa wananipita mimi bila salamu waliwapa samaki pole.

Yule mtani alikuja tena mwezi wa pili wa eda. Hakuingia ndani, alikaa barazani na kumsemesha mama kupitia dirishani. Alikuwa na mfuko wa plastiki unaovuja.

"Mtani! Nimekuletea mboga. Najua Mluguru haponi bila kabichi, na za Mgeta siku hizi bei mbaya."

Yalikuwa majani yanayoelea, aliyoyachota kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Kila mche mfano wa kabichi changa, chini una mizizi kama ndevu. Alileta kama kejeli. Mama alimshukuru kwa matusi mawili ya kiungwana, akaniambia niyaoshe vizuri, niyatie ndani. Yakaelea, yakatia kivuli, mizizi yakaishusha kwenye maji na kunywa kila uchafu tulioulimbikiza. Baada ya majuma machache nilikuwa nayapunguza kwa ndoo, na maji yakarudi kuwa kitu usichokiona. Mtani aliposikia alitaka alipwe. Nikamwambia kejeli hailipiwi. Mpaka leo anadai.

Mama alitoka eda wiki tatu zilizopita. Alioga, akabadili nguo, wanawake wakala naye ubwabwa. Kabla ya kuvuka kizingiti alikwenda kwenye tangi, akawapa samaki chakula kwa ncha za vidole viwili. Wote kumi na wawili walikuja.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike. Ule mmea wa gogo, wa majani ya ngozi ya kiatu, una ukoga wa namna nyingine. Ni mweusi, mfupi, umeota kwenye kingo za majani kama nywele za brashi. Giza haukulijali, kabichi hauzijali, mswaki hauung'oi. Muuza samaki wa Dar anasema nikate majani yaliyoshikwa, kwani mmea huo hukua polepole lakini haufi. Una majani manane, nimeyahesabu mara mbili, na saba yameshikwa.

Nilimwendea mama na mkasi. Akauliza, "Lipi kati ya hayo baba yako hakulishika?"

Ni moja tu, dogo, la kijani cha maji, lililochipua baada ya msiba. Hilo halina hata unywele mmoja mweusi. Hilo, mama anasema, naweza kulikata nikitaka.

Nasikia ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu inaweza kuua ukoga huo, ukipaka kidogo kidogo juu ya jani. Mizizi imelikumbatia gogo na gogo limejikita mchangani, kwa hiyo kutoa mmea nje siwezi. Kama kuna aliyewahi kuipaka jani likiwa ndani ya maji, samaki wakiwemo, naomba aniambie ni matone mangapi, na pampu izimwe kwa muda gani. Anayetaka kunishauri nikate, huyo nimeshamsikia.