Kipande Cheupe kwenye Ramani ya Verlan

Ilikuwa Mei, mwaka tisini na nane. Hapana, tisini na tisa; tisini na nane goti langu lilikuwa bado zima.

Verlan Tuttle alitengeneza mabasi ya shule pale Richfield miaka thelathini na nane, na kila likizo alikuwa juu ya baiskeli. Ukutani jikoni kwake palikuwa na ramani ya jimbo letu la Utah. Kila barabara aliyoikanyaga kati ya hifadhi moja ya taifa na nyingine aliipaka penseli nyekundu. Aliyoipita kwa gari haikuhesabiwa. Kilibaki kipande kimoja cheupe, kutoka mji wa Hanksville kuelekea hifadhi ya Canyonlands, jangwa tupu. Na daktari alishamwambia: mwezi wa sita anapasuliwa moyo, baada ya hapo baiskeli basi.

Tukapanga kukikanyaga pamoja kabla ya hapo. Wiki moja kabla ya safari, tulikwenda na gari tukaficha madumu manne ya maji nyuma ya jiwe, katikati ya kipande hicho. Akaandika kwa wino mzito: VERLAN, MEI 14. Sisi waendesha baiskeli wa huko tuna desturi yetu. Maji yenye tarehe hayaguswi, hata ulimi ukikauka. Tarehe ikipita, ni ya atakayefika, maana mwenyewe ameghairi.

Tarehe kumi na nne asubuhi, pale Hanksville, goti langu likavimba.

"Verlan, nipe leo tu nilipumzishe."

"Kobe wee! Leo tu?"

"Leo tu."

Akavua viatu, akacheka. Madumu hatukuyawaza kabisa.

Tukaondoka kesho yake alfajiri. Upepo wa kaskazini ulitupiga usoni tangu jua lichomoze. Tulipofika kwenye lile jiwe, saa saba mchana, chupa zetu zilikuwa zimekauka. Madumu yalikuwepo yote manne, matupu, yamepangwa vizuri, na karatasi chini ya kokoto: "Asante, Verlan. Tumeona tarehe imepita. Umetuokoa."

Aliisoma mara mbili.

"Watu wenye adabu zao," akasema. "Hata kuwalaani siwezi."

Tulikanyaga maili tisa zaidi. Kisha akashuka, akajilaza kando ya lami, mkono kifuani. Pikapu ikasimama, imebeba chumvi ya ng'ombe. Dereva, mama mmoja mwenye kofia pana, akachungulia.

"Nyie wazee, mnakufa au mnapumzika?"

"Tunapumzika," Verlan akajibu.

"Basi pumzikieni ndani ya gari."

"Mama, nipe maji tu. Zimebaki maili thelathini."

"Maji nitakupa. Ila uso wako umekuwa jivu, baba. Sikuachi hapa nije kukusoma gazetini."

Alikunywa, akasimama, akapanda baiskeli. Ikaanguka naye. Akajaribu tena, ikaanguka naye. Mara ya tatu alibaki pale chini, akashika tu usukani, na mimi nikamfungua vidole kimoja kimoja. Baiskeli tukazirusha juu ya chumvi.

Mbele kidogo upepo ukatulia. Barabara ikawa laini, inateremka yenyewe. Verlan aliitazama yote kupitia kioo, maili kwa maili.

Mwezi wa sita alipasuliwa. Aliishi miaka minne mingine, na kile kipande kilibaki cheupe. Nilimuuliza mle garini, nikamuuliza tena hospitalini, na baada ya mazishi nikamuuliza mkewe, Nadine, naye akiendelea kukunja nguo: ingekuwa sikuomba ile siku moja ya goti langu, angefika?