Sauti katika Kadi za Kudra

Kudra binti Nassib alikuwa mchapaji kwenye steshenari moja ya Mwanga, mjini jirani na Ujiji, nyuma kidogo ya soko. Kompyuta alisomea Mwanza mwaka mmoja akapata cheti. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe. Kila mitihani ilipokaribia, wanafunzi wa uuguzi walimletea makaratasi ya kutoa kopi, nusu wakilia. Akawatengenezea programu ndogo ya simu. Ilikuwa na kadi, mbele swali, nyuma jibu. Kadi uliyoipata ilipotea siku tatu, ikarudi, ikapotea kumi. Uliyoikosa ilikurudia kesho yake, haina haya.

Mwaka 2015 Warundi waliokimbia kwao walimiminika mwambaoni mwa ziwa, wakapelekwa makambini. Katika kambi moja upande wa Kasulu alipangwa Veneranda, muuguzi aliyehamishwa kutoka Njombe. Siku yake ya mapumziko alishuka mjini, akaingia steshenari.

"Wiki ya tatu hii sielewi mgonjwa hata mmoja," alisema. "Wewe si Muha? Kiha na Kirundi si ndugu?"

"Ndugu wa damu, Sista."

"Basi niwekee maneno kwenye hizo kadi zako."

Kudra akaweka mia na hamsini. Veneranda aliyasoma kwenye gari, kwenye foleni ya chakula, hata akiwa anasubiri maji yachemke. Mwezi wa pili akaanza kuuliza wagonjwa mwenyewe, bila mkalimani.

Asubuhi moja aliingia mama kijana, Leonia, mimba yake bado changa. Veneranda akamuuliza kama kadi ilivyomfundisha, "Ufise inda?" yaani, una mimba? Leonia alivuta kitambaa chake mpaka kwenye nyusi, akainuka, akatoka. Waliokaa kwenye benchi waliinamisha macho.

Eufrasia, mwalimu wa shule ya msingi huko kwao na sasa mhudumu wa kujitolea kliniki hapo, ndiye aliyeeleza.

"Umemuuliza kama ana chawa, Sista. Mbele za watu."

Inda ni mimba, na inda ni chawa. Herufi ni zilezile. Sauti, ipande au ishuke, ndiyo inayoyatenganisha maneno hayo mawili.

Veneranda alimpigia Kudra simu, hakumlaumu, alimsimulia tu. Kudra aliifungua kadi ile, akaikagua mpaka mteja mmoja akachoka kusubiri, akaondoka. Maneno hayo aliyasema tangu utotoni Buzebazeba na hakuwahi kuyachanganya. Mdomoni mwake yalikuwa mawili. Kwenye kadi aliandika moja.

Siku ya tatu Eufrasia alimrudisha Leonia kliniki akiwa amemshika mkono. Veneranda aliomba radhi kwa Kirundi kile alichokuwa nacho. Leonia alipanda mzani.

Ikabidi kadi zipewe sauti. Eufrasia alisoma maneno kwenye simu ya Veneranda, nyuma ya stoo ya kliniki, watoto wakishanyamaza na mvua ikishaacha mabati. Kudra alizipokea sauti hizo Mwanga, akakata kelele, akapanga. Toleo la tatu lilijaza simu za wauguzi hadi zikagoma. Akazibana sauti ziwe nyepesi; zikatoka kama mtu anayesemea ndani ya debe, na inda mbili zikawa moja tena. Akalitupa toleo la nne lote. Katika la tano alibadilisha mpango wenyewe: kadi ilifunguka kwa sauti, na maandishi hayakuonekana mpaka mtu asikilize. Wauguzi walinung'unika kwamba linachelewesha. Kudra hakulegeza. Ukurasa wa kwanza aliandika: Maneno yamesomwa na Mwalimu Eufrasia.

Walijuana kwa sauti tu. Miaka minne hawakuonana.

Mwaka 2019 Eufrasia alipiga simu mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwananje. Tumejiandikisha. Tunarudi nyumbani."

Kudra alimtakia safari njema, kisha akamuuliza kama azifute sauti zake.

Eufrasia alifikiri. "Jina liondoe. Huko sijui nitapokewaje. Sauti ziache. Hao wauguzi watawaulizaje watu?"

Jina liliondoka siku hiyohiyo, na hilo ndilo likawa toleo la tisa. Hakukuwa na badiliko lingine ndani yake. Eufrasia hakupiga simu tena. Mwaka uliofuata Veneranda alihamishiwa Lindi. Wauguzi wapya, ambao hawakumjua Eufrasia wala Veneranda, waliizoea ile sauti, wakaiita Mama wa Kadi.

Kisha wakaomba kadi za Kibembe, kwa ajili ya wakimbizi Wakongo. Walimletea Kudra orodha iliyochapwa vizuri kabisa, maneno mia mbili. Aliiweka kwenye droo. Alisema hataingiza hata neno moja kabla hajapata mtu wa kulisoma. Toleo la kumi likachelewa miezi saba, hadi alipompata Selestini, Mbembe aliyekuwa akishona nguo Ujiji. Walianza na neno la maumivu. Selestini alilisoma mara tatu, na mara ya tatu Kudra akabonyeza kuhifadhi.